Nywele za nguruwe, nailoni na kopo ya home

Wandugu, tuanzie kwa neno lenyewe. Mswaki, mbele ya kuwa kitu cha plastiki cha sokoni, ulikuwa mti. Waarabu wanasema siwak: unatafuna ncha ya kijiti mpaka inakuwa nyuzi, kiisha unasugua. Hilo neno lilifika Maniema pamoja na Kiswahili chenyewe, karne ya 19, wakati misafara ya kutoka pwani ilikuwa inaingia Nyangwe na Kasongo. Na kijiti kilikuwa na akili yake: ncha ikichakaa unaikata, unatafuna mpya. Hakuna habari ya kutunza.

Shida ya kutunza ilikuja na nywele. Wachina ndio walitangulia kupachika nywele ngumu za nguruwe ku mfupa ao mwanzi, Ulaya wakafuata. Kule Uingereza inasemwa William Addis alitengeneza wa kwake akiwa gerezani, karibu 1780, kiisha akaufanya biashara. Napoleon naye alikuwa na mswaki wa nywele za farasi, mpini wa feza iliyopakwa zahabu. Ukubwa wote ule! Lakini nywele za mnyama zinanyonya maji, zinachelewa kukauka, na vijidudu vinapenda fasi kama ile. Mimi naona kisa chenyewe njo hiki, kuliko kile cha gereza.

Mwaka 1938 Marekani wakauza mswaki wa kwanza wa nailoni, ya kampuni DuPont. Nailoni inakauka mbio.

Sasa angalia ku ma-home yetu. Watu wanne, kopo moja, vichwa vya miswaki vinagusana. Mwingine anafungia wa kwake ndani ya sashe ungali na maji, ati vumbi isiingie: anarudisha nguruwe wa 1780. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kinasema: osha, simamisha, acha hewa ipite, badilisha kila miezi 3 ao 4. Kuazimana ndiyo mbaya zaidi, hata na ndugu wa tumbo moja. Fizi zinatoka damu, na hepatiti B inapita kwa damu, hata kidogo ambayo hauioni. Mwenye nayo mara nyingi hajisikii mgonjwa, basi hawezi kukuonya.

Chumbani mwetu tulichukua kidumu cha mafuta, tukatoboa matundu manne juu, tukakiweka karibu na dirisha. Wa tano alipohamia, tukatoboa lingine.