Hati, Hazina na Uhuru wa Mji: Ifakara Mbele ya Kioo cha Lübeck

Mwaka 1226 Kaisari Friedrich wa Pili aliupa mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, hati iliyouweka chini ya Kaisari peke yake. Tangu hapo hakuna mtawala jirani aliyekuwa na haki ya kuuamuru. Wengi huitaja hati hiyo kuwa chimbuko la uhuru wa mji huo. Insha hii inashikilia kwamba hati haitoshi kuueleza uhuru huo. La msingi zaidi ni nani anayeshika hazina. Hoja hiyo huonekana wazi mtu anapoitazama Lübeck akiwa Ifakara.

Baraza la Lübeck lilipiga sarafu yake na kutoza ushuru wake, hasa juu ya chumvi ya Lüneburg iliyopita hapo kwenda kuhifadhi samaki. Ifakara nayo ni mlango wa bidhaa moja kuu, mpunga wa Bonde la Kilombero. Halmashauri ya Mji inasimama juu ya ibara za 145 na 146 za Katiba na Sheria Na. 8 ya mwaka 1982. Madiwani huchaguliwa kwa kura, nao humchagua mwenyekiti wao. Mkurugenzi huteuliwa na Rais.

Hazina ndipo penye utata. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 hukatwa mwenye nyumba anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Punguzo hilo lilimfaa mkulima, na sina sababu ya kulilaumu. Hata hivyo, mji unaoishi kwa mpunga haukuwa na sauti ya mwisho juu ya ushuru wa mpunga.

Historia ya karibu inaonyesha jambo zito zaidi. Chini ya sera ya Madaraka Mikoani, iliyoanza mwaka 1972, halmashauri zote zilivunjwa, na zile za miji zikarudishwa mwaka 1978. Kilichotolewa kwa sheria kiliondolewa kwa sheria.

Lübeck, hata hivyo, si kielelezo cha kuigwa. Baraza lake lilikuwa la wafanyabiashara wakubwa. Mafundi hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1408 wananchi waliliangusha, na mwaka 1416 wakubwa wale wakarejea. Kwa kipimo hicho, diwani wa Ifakara ana uhalali ambao wazee wa Lübeck hawakuwa nao.

Uhuru wenyewe uliisha kwa hatua. Mwaka 1868 Lübeck uliingia katika umoja wa forodha wa Wajerumani, na ushuru wa mipakani ukatoka mikononi mwake. Hadhi ya mji huru ilifutwa na serikali ya Hitler mwaka 1937, hati ya Kaisari ikiwa na umri wa miaka 711.