Leicester: Mji Uliosema Msije

Kwenye ramani ya Ziwa Victoria, Mwanza na Jinja ni kama majirani wanaotazamana ng'ambo ya maji. Miji yote miwili ilikuzwa na pamba na reli. Jinja ilipata umeme wa bwawa la Owen Falls mwaka 1954, viwanda vikafuata, kama cha nguo za Nytil mjini; jirani tu, tayari palikuwa na sukari ya Kakira ya ukoo wa Madhvani.

Mkulima wa pamba alikuwa na malalamiko ya kweli, kwamba faida inaishia kwa wanunuzi, wengi wao Wahindi. Huku Mwanza, kina Paul Bomani walijibu kwa ushirika, na mwaka 1955 wakaunda Victoria Federation. Kule Uganda, Agosti 1972, Idi Amin alijibu kwa kuwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Jinja ikabaki na mashine, bila wengi wa waliojua kuziendesha. Uzalishaji ukaporomoka.

Takriban watu 28,000 walipokelewa Uingereza. Wengi waliulizia Leicester, mji wa viwanda vya soksi, fulana na viatu, ambako tayari walikuwa na ndugu. Baraza la mji likaingiwa na hofu, likalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, nyumba na shule zimejaa. Wapo waliosimulia baadaye kwamba jina la Leicester walilijua kwa tangazo hilohilo! Wakaenda.

Hapa ndipo hadithi tuliyoizoea hutuchezea. Tunaambiwa Wahindi walifika na akili ya biashara, wakatajirika, basi. Hapana jamani. Wengi waliingia kiwandani kwanza, hata waliokuwa na maduka yao nyumbani. Mei 1974, wafanyakazi wa Kiasia wa Imperial Typewriters, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma wakidai wanapunjwa bonasi na kubaguliwa. Chama cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Waligoma karibu miezi mitatu. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa.

Viwanda vingine navyo vilipozidi kudhoofika, duka likawa njia ya kujinusuru. Barabara ya Belgrave ikajaa sari, dhahabu na vyakula. Ukiagiza "mogo" huko utaletewa muhogo wetu. Neno limevuka bahari, likapoteza herufi kadhaa, lakini ladha ipo.

Leo Leicester hujivunia Diwali yake kama mojawapo ya kubwa nje ya India. Ni vizuri, lakini isisahaulike kwamba haukuwa ukarimu wa mji uliowaita. Walijikaribisha wenyewe, wakagoma, wakafungua maduka, mwishowe mji ukajikuta ni wao pia.

Na sisi wa pwani ya ziwa? Kakira ilirudi kwa Madhvani miaka ya 1980, na ikabidi ifufuliwe upya. Kumfukuza mtu huchukua siku 90. Kurudisha kilichoondoka naye huchukua kizazi.