Bastola ya Mfukoni: Inafichwa kwa Nani?



Siku hizi, kila tukianza kuzungumza juu ya usalama, sentensi moja inarudi: "Ningekuwa na kabastola kadogo mfukoni, hakuna mwizi angenisumbua." Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanabishana ni aina gani inafaa: nyepesi ao nzito, ya risasi tano ao sita. Sitaki kuhubiri. Nataka tuangalie historia, juu huu ubishi haukuanza kwetu. Uko na miaka karibu mia mbili, na waliotutangulia waliulipia.

Tuanze na mashine yenyewe. Zamani bastola ilikuwa inapiga mara moja tu, kisha mtu anasimama kuijaza tena. Tarehe 25 Februari 1836, Samuel Colt alipata hati ya uvumbuzi Marekani kwa ajili ya revolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu kadhaa, kila tundu na risasi yake. Tukitaja Colt, wengi tunawaza askari juu ya farasi. Lakini kati ya revolva zake za enzi ile ya baruti ya kujaza kwa mkono, iliyouzwa kuliko zote ilikuwa ile ndogo ya mfukoni ya 1849. Zilitengenezwa zaidi ya 300,000. Wanunuzi walikuwa wachuuzi, wasafiri, watu wa mjini, na wale waliokimbilia dhahabu ya California. Farasi alipata sifa, lakini biashara ilikuwa ya mfuko.

Tangu hapo mafundi wote walipambana na swali lile lile: namna gani silaha iwe ndogo na bado ifanye kazi? Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa revolva nyepesi ya risasi saba za kaliba .22. Ilikaa mfukoni bila shida, lakini risasi yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1872 Webley wa Uingereza alipita njia ingine na revolva yake iliyoitwa British Bull Dog: risasi kubwa, mtutu mfupi wa sentimita sita hivi, matundu matano tu. Hapo nguvu ilipatikana, lakini silaha fupi yenye risasi kubwa inaruka mkononi na kulenga kunakuwa kugumu. Mwaka 1887 Smith & Wesson walirudi na revolva ambayo nyundo yake imefunikwa ndani, isikamatwe na kitambaa wakati mtu anaitoa. Jambo zuri. Lakini sasa kifyatulio peke yake kilipaswa kuinua nyundo na kuiangusha, kwa hiyo kilikuwa kirefu na kizito kuvuta, na kidole kikikaza sana mkono unayumba.

Siye tuliosoma kilimo tunajua hii hesabu. Hakuna mbegu inayoshinda katika kila kitu. Unachopata upande huu unakilipa upande ule. Revolva fupi ya risasi tano iliyotoka mwaka 1950, ile ya Smith & Wesson iliyoitwa Chiefs Special, ilikuja kuwa mfano wa silaha ya kuficha mpaka leo, na iko na kasoro zile zile za 1872. Kadogo ndiko kanafichika vizuri, na ndiko kagumu zaidi kupiga nako sawasawa. Anayedhani ni ka mtu asiye na mazoezi amegeuza mambo.

Woga nao ulikuwa soko. Mwaka 1894, fundi Galand wa Paris alileta revolva ndogo iliyoitwa Velo-Dog. Ilikuwa ya waendesha kinga, yaani baiskeli, waliokuwa wanafukuzwa na mbwa barabarani. Kulikuwa hata na risasi zake za pilipili! Unaweza kucheka, lakini angalia namna woga wa kawaida kabisa unavyoweza kuuziwa silaha.

Sasa basi, nani alichagua hizi silaha na alifanya nazo nini? Tarehe 10 Julai 1873, mshairi Paul Verlaine alinunua revolva asubuhi mjini Bruxelles. Mchana ule ule, katika ugomvi, alimpiga nayo rafiki yake Arthur Rimbaud kwenye kifundo cha mkono. Alipewa miaka miwili ya gereza. Tarehe 2 Julai 1881, Charles Guiteau alimpiga Rais Garfield katika stesheni ya treni ya Washington kwa revolva ya aina ya Bull Dog. Dukani alikuwa amechagua yenye mshiko wa pembe ya tembo, juu alifikiri itapendeza siku itakapowekwa katika jumba la makumbusho. Tarehe 6 Septemba 1901, mjini Buffalo, Leon Czolgosz alipanga mstari pamoja na watu waliokuja kumsalimia Rais McKinley. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, na ndani ya kitambaa kulikuwa revolva ya kaliba .32. Marais wote wawili walikufa.

Kwa haki tuseme: wako wengi waliobeba maisha yao yote bila kumuumiza mtu, na wako waliojiokoa. Lakini angalia kitu kimoja. Kwa muuaji, kuficha kulikuwa kazi yote: asionekane mpaka dakika ya mwisho. Kwa mtu anayejilinda, kuficha kunamsaidia nini? Mwizi hawezi kuogopa kitu asichokiona.

Hili swali lilionekana mapema sana. Mwaka 1813, majimbo mawili ya Marekani, Kentucky na Louisiana, yaliweka sheria dhidi ya kubeba silaha kwa kuficha. Silaha ya wazi hawakuikataza. Mwaka 1850 korti kuu ya Louisiana ilieleza sababu: anayebeba wazi anajulikana, anayeficha anajitafutia nafasi ya siri juu ya mwenzake, na hiyo ni tabia ya wauaji. Kwao, aibu ilikuwa katika kuficha.

Halafu aibu ikahama. Mwaka 1911 jimbo la New York lilitaka kila anayebeba bastola ya kuficha awe na ruhusa. Mwaka 1987 Florida ilirahisisha ruhusa ya kubeba kwa kuficha, na mwaka ule ule ikakataza kubeba wazi! Mwaka 2022 Korti Kuu ya Marekani ilivunja sharti la New York la kuonyesha sababu ya pekee kabla ya kupewa ruhusa. Kile babu aliona ni tabia ya muuaji, mjukuu anakiita adabu: usiwatishe watu barabarani. Silaha haikubadilika sana. Mazoea ya watu ndiyo yalibadilika.

Na siye huku? Siye tuko ndani ya hii historia, lakini kwa mlango wa nyuma. Liège, mji wa Ubelgiji, ulikuwa moja ya karakana kubwa za silaha duniani. Mafundi wake walinakili Bull Dog kwa bei ndogo na kuiuza nchi nyingi. Lakini tarehe 2 Julai 1890, katika mji mkuu wa Ubelgiji huo huo, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Bruxelles, wakati Congo ilikuwa mikononi mwa Léopold II. Kati ya mambo yake mengi, mkataba ulizuia silaha za kisasa kuingia katika eneo kubwa la Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini. Kwa mwenyeji ilibaki njia ya bunduki za kizamani za gumegume. Bunduki za kisasa zilikuwa za Leta na askari wake. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake tunayajua. Swali la mfuko gani unaruhusiwa kubeba lilijibiwa bila mababu zetu kuulizwa. Leo sheria ya silaha ya 1985 inataka ruhusa ya Leta, na asiye nayo anacheza na gereza.

Ninajua jibu la wengi: Leta hailindi, na wenye bunduki hawaombi ruhusa. Ni kweli, tena inauma. Lakini tufuate hesabu mpaka mwisho. Mwizi akianza kudhani kila mfuko una bastola, hataacha wizi. Atakuja na wenzake, na atapiga kwanza. Na akijua wewe hasa unayo, silaha yako imekuwa mali ya kwanza ya kuiba.

Angalia muhogo mchungu. Sumu yake iko imefichwa ndani, na inalinda shamba dhidi ya wanyama. Lakini sumu haijui mwenye shamba. Lazima mama auloweke siku kadhaa, na pale ambapo njaa ilifupisha hizo siku, kama vile Kwango, konzo ilipooza miguu ya watoto wa nyumba ile ile. Bastola nayo usiku inalala ndani ya nyumba, pamoja na mtoto mwenye kupekuapekua na ndugu mwenye hasira. Na hakuna maji ya kuiloweka.

Kwa hiyo ndugu na dada, kabla hatujabishana ni ipi inafichika vizuri, tujibu kwanza hili: inafichwa kwa nani? Mwizi haioni, kwa hiyo haimtishi. Watu wa nyumbani ndio wanaolala nayo. Niandikieni mnavyoona, hasa wale wasiokubaliana nami.