Kwa nini 1HZ haikufa

Mwaka 2007 pikapu ya Land Cruiser iliyouzwa Australia ilipewa V8 ya dizeli, lita 4.5 na turbo. Tanzania na Kenya iliendelea kuuzwa ile yenye injini ya 1HZ ya mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Anayepima nguvu tu atasema tulipunjwa, maana kilowati 96 hivi haziifikii 151. Sikubali. Pampu ya mafuta ya 1HZ hufanya kazi bila kompyuta. Fundi wa gereji ya kawaida huimudu, nayo huvumilia dizeli iliyochakachuliwa ambayo ingeharibu upesi nozeli za V8, zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa mno. Hoja ya moshi ni nzito zaidi, na hapo 1HZ inashindwa kabisa. Lakini mashirika ya misaada, yanayopeleka chanjo mbali na lami, yaliendelea kuiagiza.