Ua la baridi ndani ya chandarua chako

Hebu angalia kitambaa kidogo kilichoshonwa pembeni mwa chandarua chako, kama hakijachanika. Kama chandarua ni Olyset, utakuta neno permethrini. Huenda kimetengenezwa hapahapa Arusha, kwenye kiwanda cha A to Z, kilichoanza kutengeneza vyandarua vya aina hiyo mwaka 2003 kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Dawa iliyomo ndani ya nyuzi zake imebuniwa kwa kuiga sumu ya ua. Ua lenyewe linaitwa pareto, na linapenda baridi ya milima kama Meru.

Ukiliona hutaliogopa: petali nyeupe, katikati njano, basi. Kwao ni milima yenye mawe ya Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki, ambayo leo sehemu kubwa iko Kroatia. Watu wa huko walilikausha na kulisaga kuwa unga wa kuua viroboto, na mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia unga mwingi uliouzwa duniani ulitoka kwao. Kisha Japani ikachukua nafasi hiyo. Ile dawa ya mbu ya duara unayowasha chini ya meza ilibuniwa huko, na mwanzoni ilitengenezwa kwa pareto.

Mwaka 1928 pareto ilifika Kenya, na miaka ya 1930 ikaingia Tanganyika. Kwa nini ilipandishwa mlimani? Ukiipanda Tanga au Dar es Salaam inaweza kukupa majani mazuri kabisa, lakini maua hupati. Mmea huu unahitaji majuma kadhaa ya usiku wenye baridi, nyuzi joto 15 hivi au chini yake, ndipo uanze kutunga vichwa vya maua. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, bado ni chini. Unatakiwa upande mpaka mita 1,700 na zaidi, kule ambako asubuhi huthubutu kutoka bila sweta. Udongo usituamishe maji, na shina likishachoka baada ya miaka mitatu minne, unaling'oa, unaligawa vipande na kupanda upya.

Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Marekani na Uingereza, na pareto yake ikakatika ghafla kwa upande huo. Wanajeshi waliokuwa wakipigana kwenye nchi za malaria walihitaji dawa ya kupulizia mbu. Macho yakageukia nyanda za juu za Kenya na Tanganyika, yakiwemo mashamba ya kaskazini kama Oldeani na West Kilimanjaro. Vitabu vinamtaja mlowezi aliyeleta mbegu. Mimi nawafikiria zaidi wachumaji: ua la pareto huchumwa kwa mkono, moja moja, na wiki mbili tatu baadaye unarudi palepale. Kilo 100 za maua makavu zina kilo moja au mbili tu za sumu.

Sumu hiyo inafanyaje kazi? Seli za neva za mdudu zina vimlango vya kupitisha sodiamu. Sumu ya pareto inavishikilia vibaki wazi, neva zinapiga kelele bila kupumzika, na mdudu anaanguka. Umbo la kemikali hizi lilielezwa mwaka 1924 na Staudinger na Ruzicka, waliofanya kazi yao Zurich. Udhaifu wake ni jua: likiiwakia, inaharibika upesi. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, inayostahimili mwanga na isiyohitaji ua wala mchumaji.

Kwa mkulima wa mlimani hiyo haikuwa habari njema. Arusha iliwahi kuwa na kiwanda cha kukamua pareto. Leo kazi hiyo iko Mafinga.

Ila mbu nao hawakulala. Katika baadhi ya mbu vile vimlango vimebadilika umbo, permethrini haivishiki vizuri, na kwa kuwa pareto asilia hulenga palepale, nayo hupungukiwa nguvu. Mbu wengine wana vimeng'enya vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Kwa hawa, watengenezaji wa vyandarua wameongeza kemikali inayoitwa PBO, inayovizuia vimeng'enya hivyo, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali vyandarua vyenye PBO vitumike penye mbu sugu.

PBO si ngeni kwenye hadithi hii. Mwaka 1940 iligundulika kwamba mafuta ya ufuta, ndiyo, ufuta huuhuu wa Lindi na Mtwara, yakichanganywa na pareto yanaiongezea nguvu. Wanakemia wakatafuta kitu cha jamii hiyo chenye nguvu zaidi, na kabla miaka ya 1940 haijaisha wakaipata PBO, kwa ajili ya kulisaidia ua.