Upasuaji wa Kansa ya Mfuko wa Nyongo: Ulikotoka na Ulipofika

Leo tunazungumzia kansa ya mfuko wa nyongo, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi ya wanaume.

Mfuko huu mdogo umekaa chini ya ini na huhifadhi nyongo inayosaidia kusaga mafuta. Mwaka 1777, daktari Maximilian Stoll wa Vienna, Austria, alieleza kansa hii baada ya kuchunguza maiti. Wakati huo haikuwa na tiba.

Tarehe 15 Julai 1882, mjini Berlin, Ujerumani, Carl Langenbuch alimpasua mwanamume wa miaka 43 aliyekuwa ameugua kwa miaka 16, akautoa mfuko wake wa nyongo. Mgonjwa alipona. Ikadhihirika kwamba mtu aweza kuishi bila mfuko huo.

Lakini kansa haikutii kisu kwa urahisi. Mwaka 1924, Alfred Blalock wa Marekani alichunguza habari za wagonjwa 888 wa nyongo. Alishauri kuwa kansa hii ikijulikana mapema kabla ya kupasua, mgonjwa aachwe, kwani upasuaji ulimfupishia maisha tu. Mwaka 1954, Glenn na Hays wa New York walipendekeza upasuaji mpana: kutoa mfuko, sehemu ya ini iliyo jirani, na tezi za karibu. Baadaye wapasuaji wa Japani walikwenda mbali zaidi, wakitoa hata sehemu ya kongosho.

Je, kisu kilishinda? Pale kansa ilipokuwa bado karibu na mfuko, upasuaji mpana umewapa wengi miaka ya kuishi. Ikishasambaa mbali, kuikata yote haiwezekani. Hapo daktari hufungua njia ya nyongo ili umanjano na kuwashwa vipungue. Siku hizi mara nyingi hutiwa mrija mdogo bila kupasua tumbo. Mwaka 2010, utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa dawa mbili za kansa zikitumiwa pamoja huwaongezea wagonjwa wasioweza kupasuliwa muda wa kuishi, kutoka takribani miezi 8 hadi karibu 12.

Kwa hiyo, mama, kabla familia haijauza ng'ombe au kuitisha harambee, muulize daktari waziwazi: upasuaji huu ni wa kuponya, au ni wa kupunguza mateso? Yote mawili yana thamani, lakini ni haki yenu kujua.

Na mtu akitolewa mfuko kwa sababu ya mawe, ulizeni kama umepelekwa maabara. Wenye mawe wengi hawapati kansa, lakini mara nyingi kansa changa hugunduliwa hapo.

Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai, au maumivu chini ya mbavu za kulia yasipoisha, usingoje. Nenda hospitali.