Mti wa Mpakani Nchini Ubena
Ugomvi wa miti huko Matembwe, na Njombe kwa jumla, haueleweki pasipo historia ya miwati. Mwaka 1949 Waingereza walianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika. Magome yakapata bei, na mti ukawa mali. Lakini kivuli cha mali hiyo hudumaza mahindi ya jirani, na mikaratusi iliyofuata hunyonya maji ya vinyungu, bustani za mabondeni zilishazo watu kiangazi. Sheria ya mwaka 1963 iliweka Mahakama za Mwanzo badala ya zile za machifu; Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaleta baraza la wajumbe saba, wasiopungua watatu wanawake, lenye kazi ya kusuluhisha tu. Nionavyo, usuluhishi huo ni mgumu, kwa kuwa tangu kale kupanda mti ni kudai ardhi: aamriwaye kuukata hujiona amepokonywa shamba.